Misheni ya wiki mbili nje ya nchi: naenda kutumika au naenda kutembea?

#1 Kijana wa Mwanjelwa
Wakuu, salaam.

Kanisa letu hapa Mbeya linapeleka timu ya vijana Malawi mwezi wa nane, wiki mbili, Karonga na vijiji vya kuelekea Chitipa. Tupo 14. Kila mmoja anatakiwa aje na 1,150,000: nauli, chakula, malazi, fulana, kukodi vipaza sauti, "na zawadi kwa wenyeji". Ratiba ni nyumba kwa nyumba asubuhi, semina ya vijana mchana, mkutano wa hadhara jioni, filamu usiku. Siku ya mwisho tunapanda Livingstonia kuona maporomoko ya Manchewe.

Baba mdogo ananiambia hiyo hela mtumie mchungaji wa huko awanunulie wainjilisti baiskeli, wewe baki kazini. Mchungaji wangu anasema Bwana hakutuma hela, alituma watu. Naona wote wana hoja. Mliowahi kwenda, au kupokea wageni wa namna hii, hebu tupeni ukweli wenu.

#2 Sina Uhakika
Nimewahi siti ya dirishani. Karanga ninazo.

#3 Mzee wa Soko Matola
14 mara 1,150,000 ni 16,100,000. Weka baiskeli moja laki tatu, unapata 53 na chenji inabaki. Sijui mnajadili nini. Baba yako mdogo apewe maua yake.

#4 Dada wa Sinza
Mzee wa Soko Matola, hesabu yako inakwenda kama hiyo hela ipo mahali imekaa. Haipo. Watu wanachangia kwa sababu wanamjua anayesafiri. Mwambie shangazi yangu atoe elfu hamsini ya baiskeli ya mwinjilisti wa Chitipa asiyemfahamu, atakwambia mwezi huu umekaa vibaya. Mwambie mtoto wa mdogo wake anakwenda kuhubiri Malawi, anatoa laki na kanga juu. Ukifuta safari umefuta na mchango.

#5 Mzee wa Soko Matola
Basi tatizo ni shangazi yako.

#6 Sista Wodi ya Watoto
Mimi natoka upande wa waliopokea, nikiwa muuguzi kwenye hospitali moja ya kanisa, siitaji jina. Walikuja wageni kutoka Korea, watu wa upendo kwelikweli, wanasalimia hadi mbuzi. Kambi ya matibabu siku nne chini ya mahema. Watu wametembea toka vijiji vya mbali kuja kupanga foleni usiku.

Walipoondoka waliacha maboksi ya dawa stoo, nikapewa kazi ya kuyapanga. Lebo zote Kikorea. Kuna kidonge cheupe, kidonge cha njano, na sharubati ya rangi ya waridi yenye picha ya dubu. Kwa sababu ya dubu tukajua ni ya watoto, basi, tuliishia hapo. Ya nini, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, hakuna aliyejua. Nyingine zilikuwa zimebakiza miezi miwili. Mwongozo wa WHO kuhusu misaada ya dawa unataka dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja mbele, na lebo iwe kwa lugha ambayo wahudumu wa pale wanaielewa. Na msidhani dawa iliyoisha muda unamwaga tu shimoni. Kuiteketeza kuna utaratibu wake na kuna gharama, na gharama ile ilibaki kwetu.

Halafu wiki zilizofuata kliniki yetu ya kulipia ilikuwa tupu. Watu wanauliza, "wale wa bure wanarudi lini?" Wagonjwa wa presha walikuwa wameanzishiwa dawa ambazo sisi hatuna.

Nisiwe mchoyo lakini. Daktari wao wa meno aling'oa meno siku zote nne bila kupumzika, na yale meno hayajarudi mpaka leo. Kuna kazi ya wiki moja na kuna kazi isiyoweza kuwa ya wiki moja. Presha si kazi ya wiki moja.

#7 Kalamu Nyekundu
Niongezee hapo kwa sheria, maana nimekaa dirisha la vibali miaka mingi kabla ya kustaafu. Mgeni akija Tanzania kujitolea, hata kama halipwi shilingi, visa ya matembezi haimtoshi. Wamisionari na wanaojitolea wapo kwenye kibali cha ukaazi Daraja C, na kwa shughuli za muda mfupi kuna visa ya shughuli ambayo si ile ya mtalii. Daktari wa nje lazima apate usajili wa muda kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumgusa mgonjwa. Makanisa mengi yanawaambia wageni "semeni mnakuja kutembea Serengeti". Huo ni uongo mbele ya afisa, unatoka kwa watu waliokuja kufundisha amri kumi.

Kijana wa Mwanjelwa, na wewe ukifika mpakani Songwe sema ukweli, uwe na barua ya mwaliko yenye mhuri wa kanisa la huko. Visa Mtanzania hahitaji. Kadi ya homa ya manjano ibebe.

#8 Kijana wa Mwanjelwa
Asanteni. Sisi hatubebi dawa, tuna Neno tu na vipaza sauti.

#9 Sina Uhakika
Vipaza sauti navyo vina madhara yake, muulize jirani yangu.

#10 Mtoto wa Ileje
Ila wakuu, Karonga ni nje ya nchi kwa pasipoti tu. Bibi yangu alikuwa anavuka mto Songwe kwenda msibani na kurudi jioni. Wangonde na Wanyakyusa wanasikilizana bila mkalimani. Ukienda Chitipa unakuta Kilambya na Kindali, lugha za kwetu Ileje hizohizo. Mnachanga milioni kumi na sita kwenda kuhubiria mashemeji?

#11 Comrade Eldy
Hamjambo ndugu zetu. Naandika kutoka Eldoret. Huku kwetu vikundi vya Kikristo vya vyuo vikuu hufanya misheni kila mwaka mkiwa mmefunga chuo: Turkana, Marsabit, Tharaka, na wengine huvuka mpaka. Nimeenda, kwa hivyo naongea nikijua.

Shida yangu ni ripoti. Kuna mtoto, kaptura ya kijani, jino la mbele hana. Jumatatu tulipouliza nani anataka kumpokea Yesu akainua mkono. Jumatano tukiwa shule nyingine akainua. Ijumaa kwa filamu akainua tena, na wakati huu alikuja na dadake. Kwa ripoti hao ni watoto wanne. Nikauliza mwalimu wa Sunday school wa pale kama anamjua. Akacheka, akaniambia huyo ameokoka kila mwaka tangu darasa la pili, anapenda biskuti.

#12 Sina Uhakika
Huyo mtoto ana imani kuliko sisi wote humu.

#13 Mjukuu wa Rungwe
Nawaza kwa upande wa historia. Huko Livingstonia mnakokwenda kupiga picha, Dk. Robert Laws wa misheni ya Kanisa Huru la Uskoti alifika Ziwa Nyasa mwaka 1875 akaondoka 1927. Hesabuni wenyewe. Walianzia Cape Maclear, malaria ikawamaliza, wakahamia Bandawe mwaka 1881, ndipo wakapanda kule juu Khondowe mwaka 1894. Amefundisha, ametibu, amezika wenzake. Kwetu Rungwe Wamoravian walifika 1891, na makaburi yao yapo. Hawa walijifunza lugha kwanza. Leo mtu anajifunza salamu mbili ndani ya basi kisha anaitwa mmisionari. Mimi silikubali hilo jina. Muiteni mgeni wa kanisa.

#14 Ndugu wa Uamsho
Bwana asifiwe. Mjukuu wa Rungwe, umechagua historia inayokufaa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulienea kwa njia gani? Kwa timu! Toka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ndugu wakapanda gari wakaenda Mukono 1936, Kabete 1937, na haikuchukua muda ukavuka hadi kwetu Kagera. Wanakaa siku chache, wanaungama wazi, wanashuhudia, wanaondoka. Waafrika na Wazungu kwenye timu moja, wanakula sahani moja, wakati wa ukoloni. Hakuna aliyehesabu baiskeli. Wazazi wangu waliacha pombe na wivu wa nyumbani kwa sababu ya watu waliolala kijijini kwetu siku chache tu.

#15 Mjukuu wa Rungwe
Ndugu, nakubali nusu. Zile timu zilikuta makanisa tayari yapo na watu wa kuendeleza wapo. Na hata Waafrika wa mwanzo hawakuwa wa wiki mbili. William Koyi, Mxhosa kutoka Lovedale Afrika Kusini, alikuja kutumika na hao akina Laws mwaka 1876, akakaa na Wangoni, na alikufa hukohuko mwaka 1886. Apolo Kivebulaya wa Uganda alikwenda Rwanda akazeekea huko.

#16 Bunia Kwetu
Hapana kaka, siyo Rwanda. Apolo alikuja kwetu Kongo, Mboga, upande wa Ituri, mwaka 1896. Walimpiga, wakamfunga, akarudi. Alikufa mwaka 1933 na kaburi lake liko Mboga. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu injili ilikuwa haijafika huko. Hiyo historia usitupe Rwanda tafadhali, tuna mambo ya kutosha na wao.

#17 Mjukuu wa Rungwe
Mboga, asante kaka.

#18 Mama Tumaini
Na mtume Paulo je? Thesalonike alihojiana nao sabato tatu tu, Matendo 17. Akaondoka, kanisa likabaki, na barua mbili wakapata.

#19 Kalamu Nyekundu
Mama, Thesalonike aliondoka kwa kufukuzwa, ghasia mji mzima. Haikuwa kwenye ratiba. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi sita. Efeso anasema mwenyewe miaka mitatu. Tena Korintho alikuwa anashona mahema kujilisha, hakuchangisha fulana.

#20 Sina Uhakika
Yona naye aliupa Ninawi siku arobaini, akahubiri sentensi moja, mji wote ukatubu, akanuna. Hiyo ndiyo misheni fupi iliyofanikiwa kuliko zote na mhusika hakufurahi.

#21 Mtafiti Mdogo
Watu wamelichunguza hili jambo muda mrefu. Robert Wuthnow, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikadiria kwamba Wamarekani wapatao milioni 1.6 hutoka nje ya nchi kwa safari za namna hii kila mwaka. Hiyo ni ya miaka ya 2000 katikati. Kuna mwingine, Kurt Ver Beek, anaishi Honduras. Baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998 timu za makanisa ya Amerika Kaskazini zilimiminika kujenga nyumba. Yeye akalinganisha familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na mashirika ya hukohuko. Nyumba moja ilikuwa inagharimu kama dola 2,000, nauli za timu peke yake zingejenga nyumba kadhaa. Maisha ya familia hizo baadaye hayakuwa na tofauti ya maana kati ya kundi hili na lile. Na wageni wenyewe, waliosema wamebadilika sana, matoleo yao hayakupanda kwa kiasi walichodai.

Na padri Ivan Illich alishawaambia vijana wa Kimarekani huko Cuernavaca, Mexico, Aprili 1968, ana kwa ana: njooni mtazame, mpande milima, msome, lakini msije kusaidia. Waliokuwa wamemwalika ndio aliowaambia hivyo.

#22 Dada wa Sinza
Mtafiti, utafiti wa Honduras ni wa nyumba. Kijana haendi kujenga nyumba. Usipime semina ya vijana kwa bei ya tofali. Na Mmarekani anayevuka bahari kwa ndege si sawa na mtu wa Mbeya anayepanda basi kwenda Karonga.

#23 Mtafiti Mdogo
Kweli, haviko sawa moja kwa moja. Swali la "wenyeji wangependa hela au watu" ndilo linalofanana.

#24 Fundi Saruji
Kwa kuwa mmetaja tofali, na mimi niseme. Nilipewa kazi ya madarasa mawili kwenye shule moja ya kanisa mkoani. Tumefunga lenta, tumepiga bati, najiandaa kupiga plasta, mkuu wa mradi ananiambia simamisha. Kwa nini? Wageni wanakuja mwezi wa saba, lazima wakute kazi. Tumesimama toka mwezi wa nne. Watoto wanasomea chini ya mwembe, darasa lina bati, lina madirisha, linasubiri plasta ya wageni.

Walipofika tukawachanganyia wenyewe. Binti mmoja alikuwa anarusha mchanganyiko ukutani, nusu unarudi kwenye viatu. Wakacheka, wakapiga picha, wakaimba. Walipoondoka nikakwangua ukuta mmoja wote nikaanza upya. Cha ajabu ni hiki: mwaka uliofuata walituma hela ya madarasa mengine manne, na mabinti wawili wa kijiji wanasomeshwa na mmoja wao hadi leo. Sasa niambieni nilie au nicheke.

#25 Mzee wa Soko Matola
Lia. Hela ya plasta mliilipa mara mbili.

#26 Fundi Saruji
Ya mara ya pili walinilipa mimi, sijalia sana.

#27 HR wa Kariakoo
Mnatafuta majibu mbali. Kwa nini ni wiki mbili? Kwa nini sio wiki tano au siku tatu? Kwa sababu sheria ya kazi inampa mfanyakazi likizo ya siku 28, akitoa za msiba na za kwenda kijijini anabakiwa na hizo. Na Mmarekani likizo yake ni hizohizo wiki mbili kama ana bahati, maana kwao sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kumlipa likizo. Muda wa misheni unapangwa na bosi. Mahitaji ya Chitipa hayajawahi kuulizwa. Kabla ya mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na kabla ya ndege za abiria kuwa za kawaida, ungemwambia mmisionari Krapf "njoo Mombasa wiki mbili" angekuona mgonjwa. Ndege ndiyo iliyozaa hii kitu. YWAM, shirika linalopeleka vijana misheni, ilianzishwa 1960, wakati wa ndege za jeti, sio bahati mbaya.

#28 Ndugu wa Uamsho
Na Roho Mtakatifu humuweki kwenye hesabu yako?

#29 HR wa Kariakoo
Namuweka. Ila naye naona anatuma watu kipindi cha likizo tu.

#30 Mama Tumaini
Tuchunge midomo jamani.

#31 Mke wa Karonga
Habari zenu. Nilizaliwa Tukuyu, nimeolewa Karonga, na ni katibu wa akina mama kwenye kanisa letu. Nimesoma uzi wote nikipika.

Hakuna aliyeuliza mgeni anakula nini. Timu ikija ya watu 14, sisi tunakutana wiki tatu kabla. Magodoro tunaazima nyumba kwa nyumba, kila godoro linaandikwa jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino ili lirudi kwake. Kuku tunatoa zamu. Mgeni hapewi usipa, dagaa wa ziwani, siku ya kwanza, ni aibu, kwa hiyo siku tatu za mwanzo ni kuku, na mjane ambaye ana kuku wanne anatoa mmoja kwa sababu mwenzake katoa. Tunaamka usiku kuchota maji ya kuoga ya wageni. Kuna timu moja, sisemi ya wapi, vijana wake walikula nsima, yaani ugali, siku mbili, ya tatu wakauliza kama chapati zinapatikana. Unga wa ngano huku una bei yake! Tukapika.

Wanatuletea zawadi, ndiyo. Mwaka ule zilikuwa fulana zenye jina la kanisa lao.

Lakini msituombee wasije. Wageni wakija kijiji kinachangamka, vijana wetu ambao hawaji kanisani wanakuja. Wagonjwa wanatembelewa na watu ambao sio sisi, wanafurahi kuona sura mpya. Kuna mzee hapa amelala kitandani muda mrefu, dada mmoja kutoka Mbeya alikaa naye mchana kutwa akimsomea Zaburi kwa Kinyakyusa, hakwenda nyumba kwa nyumba, na kiongozi wake alimkasirikia. Yule mzee bado anamtaja.

Na mikutano yenu ya jioni anzeni mapema. Saa yetu iko nyuma yenu saa moja, mwezi wa nane jua linazama kabla ya saa kumi na mbili, akina mama wenye watoto wanaondoka katikati ya mahubiri mnadhani wamekataa wokovu.

#32 Dada wa Sinza
Huu ndio mchango wa uzi. Asante dada.

#33 Kijana wa Mwanjelwa
Dada Mke wa Karonga, hapo kwenye magodoro umeninyamazisha. Bajeti yetu ina mstari wa malazi, nilidhani tunawalipa.

#34 Mke wa Karonga
Labda mnalipa. Uliza analipwa nani.

#35 Mhehe Mtulivu
Mimi natoa mfano tofauti. Iringa, Dayosisi ya KKKT ina ushirika na sinodi ya Saint Paul kule Minnesota, wenyewe wanauita Bega Kwa Bega, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Usharika wa huku unafungamana na usharika wa kule. Wageni wanakuja siku chache, ndiyo, lakini ni walewale, wanajua nani kafiwa na nani kaoa. Wakija hawana haraka ya kujenga. Wanakula, wanasali, wanatembelea wanafunzi wanaolipiwa karo. Na wa kwetu wanakwenda kule pia.

#36 Kalamu Nyekundu
Wa kwetu wanakwenda wakipewa visa, Mhehe. Ada unalipa, ukinyimwa hairudi. Mmarekani akija hapa anapewa visa uwanja wa ndege akiwa na kaptura. Ushirika upo lakini bega moja liko juu.

#37 Comrade Eldy
Kuna ile ya watoto yatima hamjagusa. Huku Kenya serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto Novemba 2017, na sera sasa ni kurudisha watoto kwa familia. Sababu moja ni hii biashara ya wageni: kituo kinahitaji watoto ili wageni waje, na wengi wa hao "yatima" wana mzazi hai. Haiti ilikuwa wazi zaidi. Januari 2010 baada ya tetemeko, Wamarekani kumi wa makanisa ya Kibaptisti walikamatwa wakiwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi, na wengi wa watoto walikuwa na wazazi. Halafu kuna yule dada wa Jinja, Uganda, alikuja misheni fupi akawa anatibu watoto wenye utapiamlo bila kusomea.

#38 Mtafiti Mdogo
Eldy, rekebisha hapo. Wa Jinja hakubaki kuwa wa misheni fupi, alihamia na kuanzisha shirika lake, akakaa miaka. Kesi ilifunguliwa 2019, mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama bila yeye kukiri kosa. Sasa hiyo inamkwaza Mjukuu wa Rungwe, maana kukaa muda mrefu nako hakukumfanya awe salama.

#39 Mjukuu wa Rungwe
Sikusema muda mrefu unatosha. Nilisema wiki mbili hazitoshi.

#40 Bwana Harusi Mtarajiwa
Wakuu mnaumiza vichwa bure. Misheni za vijana ni mahali pa kutafutia wachumba. Mke wangu mtarajiwa tulikutana kwenye misheni Msumbiji, tulipewa kuosha masufuria zamu moja. Semina ya vijana sikumbuki ilihusu nini.

#41 Sina Uhakika
Hatimaye mtu mkweli. Kijana wa Mwanjelwa, kwenye hao 14 mabinti wangapi?

#42 Kijana wa Mwanjelwa
Nane. Lakini sio hoja.

#43 Sina Uhakika
Ni hoja.

#44 Kijana wa Mwanjelwa
Narudi na mrejesho. Nimepata namba ya mchungaji wa kule kupitia mzee wa kanisa, nikampigia mwenyewe. Nimemuuliza, mchungaji, mngependa tuje na nini? Akakaa kimya kidogo, akasema ninyi ndio wenye ratiba. Nikasisitiza. Akasema mambo mawili. Kwanza wana kinanda kilicholetwa na wageni wa zamani, kipo kwenye mfuko wake, hakuna anayejua kupiga. Pili, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kimegombana kwa sababu ya daftari, wanataka mtu asiye wa pale awasaidie kupanga hesabu, kwa sababu wa pale kila mtu ni ndugu wa mtu. Kwenye filamu akasema wameshaiona, timu tatu zimekuja nayo.

Kinanda sijui. Hesabu za vikundi sijui. Kwenye timu yupo dada anafanya kazi benki, na mpiga kinanda wetu hakuandikishwa kwa sababu hana hiyo 1,150,000.

Nimempelekea kiongozi wa timu. Amesema ratiba imeshapitishwa na kamati.

#45 Mzee wa Soko Matola
Wapelekeni wawili hao, mpiga kinanda na wa benki, wakae mwezi. Wengine mbaki. Mmeokoa zaidi ya milioni kumi.

#46 Dada wa Sinza
Benki watampa mwezi? Soma #27.

#47 Ndugu wa Uamsho
Mnataka injili iwe ofisi ya ushauri wa hesabu. Makedonia waliposema "vuka, uje utusaidie" hawakuomba mpiga kinanda. Mchungaji yule kaomba vitu viwili kwenye simu na mtu asiyemjua, mtu hawezi kumwambia mgeni kwenye simu kwamba vijana wake wanakufa kwa pombe. Nendeni mkahubiri. Daftari litafuata.

#48 Mke wa Karonga
Ndugu, daftari lile likifuata baadaye kikundi kitakuwa kimeshavunjika. Mimi ninakijua hicho kikundi, au kama sio hicho ni ndugu yake. Lakini la pombe umesema kweli.

#49 Mtoto wa Ileje
Na Livingstonia je, bado mnapanda? Ile barabara ya kutoka Chitimba ni kona juu ya kona na vumbi tupu, Coaster haipandi kirahisi. Mtashuka kusukuma na fulana zenu.

#50 Kijana wa Mwanjelwa
Hiyo siku haijafutwa. Ndiyo iliyopita kwenye kamati bila mjadala.

#51 Sina Uhakika
Hahaha. Nimemaliza karanga.

#52 Mngoni Asilia
Samahani kuingilia wakuu. Na sisi Songea tumealikwa Lichinga, Msumbiji, mwezi wa tisa. Kuna anayejua kupita Mkenda hali ya barabara upande wa pili ikoje, na kama Kireno ni lazima au Kiswahili kinatosha?

#53 Kalamu Nyekundu
Anzisha uzi wako, Mngoni. Ila vijijini Niassa utakuta Kiyao zaidi. Tafuta Myao mmoja Tunduru umuweke kwenye timu kabla hamjaanza kuchangisha.